Mahali pa Kupumzikia

Jumatatu, 4 Machi 1991

Lornah ameniletea shajara hii ya kampuni ya mbolea, yenye picha ya mahindi kwenye jalada, akasema, Baba, kwa kuwa huongei na mtu, basi andika. Mtoto amekuwa mwalimu juzi tu huko Webuye na tayari anagawa kazi ya nyumbani. Nilimwambia nitaandika siku nikipata la kuandika. Leo nimepata.

Leo wamemaliza kutia simiti benchi la mwisho kwenye banda la abiria. Mimi Wasike ndiye msimamizi wa steji ya mabasi hapa Kisumu. Nina koti la kaki, filimbi na sauti, na kati ya hivyo vitatu sauti ndiyo inayoogopwa. Zamani mabasi yaliingia popote, yakatoka kwa rivasi, na abiria walisimama katikati ya magurudumu wakiuliza ni lipi la Siaya na lipi la Kakamega. Agosti iliyopita basi moja lilirudi nyuma, na mke wangu Milka alikuwa amesimama kwenye kivuli chake akingoja la Bungoma. Alisimama hapo kwa sababu hapakuwa na pengine, na pa kukaa ndiyo kabisa hapakuwepo. Nyuma yake kulikuwa na basi lingine. Mimi nilikuwa langoni, filimbi mdomoni. Hayo yatosha.

Injinia Adero, binti wa hapa Nyamasaria aliyesomea mambo ya barabara, ndiye aliyechora steji mpya. Basi linaingia lango la soko, linatokea lango la barabara ya Busia, na katikati halirudi nyuma hata hatua. Abiria wanangoja kwenye jukwaa lililoinuliwa, lenye vyuma pembeni na mabati juu. Jukwaa limesimama pale pale. Sijui kama Injinia alijua alipoweka kalamu yake hapo, na mimi sikumuuliza. Asubuhi mimi hupitia upande wa choo ndipo nifike langoni. Ni mzunguko, lakini nimeuzoea.

Jumatano, 6 Machi

Injinia ameniuliza tuandike nini kwenye banda. Wakubwa wanataka Kiingereza, yeye anataka Kiswahili, maana akina mama wa samaki wanakisoma. Akanijia mimi kwa kuwa kila mtu hapa anajua nilifunzwa Kiswahili bandarini Mombasa nikiwa kijana, si hiki cha Kisumu ambacho mtu mzima na akili zake anasema "kiti yangu".

Nikafikiri. "Abiria wangoje hapa" ni amri, na Milka hakupenda amri. Alikuwa na miguu ya kuvimba. Kanisani, garini, popote palipo na benchi, yeye ndiye aliyekuwa akisema, "Songa kidogo, mtu akae," hata kama hakuna nafasi ya kuku. Siku ile hakuwa na wa kumwambia asonge. Kwa hiyo nimemwambia Injinia aandike MAHALI PA KUPUMZIKIA. Akanitazama, akauliza kama nina hakika. Nikamweleza kwamba kupumzika ni jambo moja na kupumzikia ni lingine: pa kupumzikia unaweka mzigo, unanyoosha miguu, kisha unaenda zako. Akaandika. Sababu yenyewe sikumwambia.

Ijumaa, 15 Machi

Oduor amemaliza maandishi. Huyu Oduor ndiye mwandishi wa mabasi yote ya hapa, na vibao vya maduka, na misalaba ya makaburi. Miaka hii, anasema, misalaba inampa kazi kuliko mabasi. Ana herufi zake zenye mikia. Kila P yake inainama kidogo kama mtu anayetafuta kitu chini. Nilitaka buluu, akasema buluu imeisha, akatumia nyeusi juu ya nyeupe. Nimeyasoma kutoka langoni nikaridhika. Sikusogea karibu kwa sababu basi la Siaya lilikuwa linaingia.

Jumamosi, 16 Machi

Mawingu upande wa milima ya Nandi. Joto la kukera. Mvua hakuna.

Jumatatu, 18 Machi

Tumefunguliwa rasmi. Hotuba ndefu, utepe, soda za moto. Madereva walitukana kidogo asubuhi kwa sababu ya mzunguko mpya, kufikia mchana wakazoea, na hadi jua linatua hakuna basi hata moja lililorudi nyuma. Nilisimama langoni nikahisi machozi, nikajifanya ni vumbi.

Ila abiria. Wanapanda jukwaani, wanasoma maandishi, wanatokea upande wa pili, wanasimama nje ya vyuma, njiani kwa mabasi, juani. Benchi tupu kutoka mwanzo hadi mwisho. Labda wanadhani simiti haijakauka.

Jumanne, 19 Machi

Simiti imekauka. Hakuna aliyekaa.

Jumatano, 20 Machi

Mvua ya kwanza, alasiri, ile ya kuja na upepo kutoka milimani. Watu walikimbilia barazani kwa hoteli ya Gichuki, wengine chooni, wengine wakajibana chini ya mikia ya mabasi, kule kule nilikokuwa nataka watoke. Banda lina mabati mapya yanayong'aa. Hakuna aliyekaa. Nilipiga filimbi hadi mate yakakauka, wakanitazama kwa huruma.

Alhamisi, 21 Machi

Awuor, muuza njugu, amefagia banda asubuhi mapema. Hakuna aliyemtuma. Hakukaa.

Huyu mama ndiye aliyekuwa amesimama na Milka siku ile. Alivua leso yake kiunoni akamfunika. Tangu hapo hanitazami machoni. Akinisalimu anasalimu viatu vyangu. Naandika hapa kwa sababu hakuna atakayesoma: kila nikimwona najiuliza kwa nini basi lilimwacha yeye.

Jumatatu, 25 Machi

Mvua. Hakuna aliyekaa.

Ijumaa, 29 Machi

Ijumaa Kuu. Mji mzima unaenda kwao. Kulikuwa na watu hadi nje ya lango, na wote wamesimama kwenye njia ya mabasi, na madereva wanapita katikati yao wakipiga honi.

Saa nane basi la Nairobi likaingia na jeneza juu ya paa, kwenye kerieli. Hilo si jambo geni, karibu kila Ijumaa siku hizi tunashusha mtu, na mara nyingi ni kijana. Zamani waliweka jeneza chini kando ya ukuta wakingoja gari la kwao. Leo walilibeba moja kwa moja hadi kwenye banda langu, wakaliweka juu ya benchi jipya, na wanawake wakaketi sakafuni kulizunguka. Awuor alikuwa kati yao, wala si ndugu yao.

Nilikwenda hadi kwenye vyuma. Nikamwita mwenye msiba, mzee mmoja wa Bondo, nikamwambia pale ni pa abiria. Akaonyesha maandishi kwa kofia yake. "Bwana, si mumeandika nyinyi wenyewe? Mtoto wangu anapumzika. Gari ya Bondo ikifika tutamtoa." Nami, Mungu anisamehe, nikaanza kumweleza kwamba haikuandikwa kupumzika, imeandikwa kupumzikia, na kwamba hayo ni maneno mawili. Nilimfundisha Kiswahili mtu ambaye mwanawe yuko ndani ya sanduku. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Asante, mwalimu," bila kejeli yoyote, akarudi kwa mtoto wake.

Nimejichukia jioni hii. Lakini pia nimewachukia wao.

Jumanne, 2 Aprili

Nilikunywa chai kwa Gichuki. Alikuja mji huu kuuza viazi kutoka Nyeri, akasahau kurudi, na sasa yeye na mkewe Rahab ndio wanaolisha steji nzima. Nikamlalamikia. Akacheka hadi chai ikamwingia puani. "Mzee Wasike, hata kwetu mtu akifa tunasema amepumzika. Na umemwita nani aandike? Yule yule wa misalaba. Umejenga mochari halafu unashangaa abiria hawaingii."

Rahab akamwambia anyamaze. Mimi sikucheka. Nilimaliza chai yangu nikaenda zangu, nimekasirika hasa kwa sababu anaweza kuwa amesema kweli. Ati mtu anaogopa neno. Mtu ambaye anasimama nyuma ya basi linalonguruma haogopi, lakini neno analiogopa.

Ijumaa, 5 Aprili

Jeneza lingine. La Homa Bay. Nilikaa langoni.

Alhamisi, 11 Aprili

Injinia Adero amekuja, viatu vimejaa tope. Wakubwa wamelalamika. Wanasema fedha zimemwagwa kwenye banda la kulaza maiti, na abiria bado wako njiani kama zamani. Kamati itakuja mwisho wa Mei kujionea. Wakikuta benchi tupu, banda litavunjwa, vyuma vitang'olewa, nafasi itagawiwa wafanyabiashara, na mabasi yatarudi kuingia na kutoka yanavyojua. Yaani rivasi.

Akaniomba tufute lile neno. Alisema Oduor anaweza kulifuta asubuhi moja na kuandika lingine lolote. Nilikataa. Nilimwambia katika steji hii nzima mimi nimeomba kitu kimoja tu, maneno matatu, na hayo matatu hayatafutwa kwa ajili ya ujinga wa watu. Akasema kwa upole, "Mzee, neno ni neno tu." Nikamjibu, kama ni neno tu, basi wakae. Aliondoka katika mvua, mwavuli ameusahau kwangu.

Naandika haya nikiwa nimetulia, na bado sijabadili nia. Lakini naogopa. Kama banda likivunjwa, atakufa mwingine pale pale, na Milka atakuwa amekufa akatuachia mvua tu.

Jumapili, 14 Aprili

Kanisani. Nilikaa nyuma, peke yangu kwenye benchi zima.

Jumatano, 17 Aprili

Leo mmoja alikaa.

Kijana wa Muhoroni, mkata miwa kwa vile alivyokuwa mweusi wa masizi, alipanda jukwaani, hakusoma chochote, akajinyoosha kwenye benchi akalala. Nilimwona nikiwa langoni. Nikawaza, huyu akilala kidogo tu, wengine wataona. Ndipo Awuor akaweka sinia lake la njugu chini, akapanda, akamtikisa bega, akamwambia kitu kwa Kijaluo. Kijana akaruka kama amekalia moto. Akaomba msamaha, akatoka, akaenda kusimama nyuma ya basi.

Nilivuka hadi kwenye vyuma nikipiga filimbi. Sijawahi kumfokea mwanamke mbele ya watu, leo nimemfokea. Nilimuuliza nani amemfanya askari wa banda langu. Alitazama viatu vyangu. "Hapo si pa kulala mtu, Baba Lornah." Nikamwambia kwamba sasa namfahamu, kumbe ni yeye anayewatia watu uchawi wa midomo, na atoke kwenye steji yangu, akauze njugu zake nje ya lango. Alinyanyua sinia akaenda. Hata manamba wanaoita abiria walinyamaza, nao hunyamaza wakilala tu.

Sijutii. Mtu anayefukuza watu mahali salama ni sawa na anayewasukuma kwa basi.

Ijumaa, 19 Aprili

Awuor anakaa nje ya lango la kutokea, kando ya nguzo, na karatasi ya plastiki kichwani. Jeneza moja. Mvua.

Jumanne, 23 Aprili

Banda limejaa vumbi na majani. Hakuna wa kulifagia. Hakuna aliyekaa.

Ijumaa, 26 Aprili

Mvua tangu asubuhi. Ziwa limepanda, wanasema, hadi kwenye bustani za mboga. Gichuki aliniambia nimrudishe yule mama ndani, mahali alipo si pazuri, mabasi yanatoka yamekunja kona. Nikamwambia steji ina msimamizi mmoja. Akasema, "Sawa, Mzee," akaniwekea sukari nisiyoitaka.

Ijumaa, 3 Mei

Nitaandika haya leo leo.

Mvua ilianza saa saba. Mtaro wa barabara ya Busia ulifurika, maji ya rangi ya chai yakaingia langoni hadi kwenye vifundo vya miguu. Basi la Busia lilikuwa linatoka, limejaa, watu wa Otonglo, wa kushuka karibu, wamesimama mlangoni. Dereva hakufanya kosa, nitasema hivyo popote watakaponiuliza. Alikunja taratibu. Gurudumu la nyuma likateleza kwenye tope na mkia wa basi ukaja upande, polepole kabisa, hadi ukagusa nguzo ya lango. Ukiwa mbali ungedhani limeegemea tu. Awuor alikuwa kati ya mkia na nguzo.

Hakupiga kelele. Nilichoona kwanza ni njugu. Zilikuja zikielea juu ya maji, nyingi, zikinipita miguuni, na kwa muda nilizitazama bila kuelewa. Kisha nikakimbia. Gichuki ananiambia nilikuwa napiga filimbi muda wote nikikimbia, na kwamba niliendelea kupiga hata nilipofika na basi limeshasimama, hadi yeye akaivuta mdomoni mwangu. Mimi sikumbuki.

Walisukuma basi. Mguu wake wa kulia sitauandika. Alikuwa macho. Alinitazama usoni, mara ya kwanza tangu Agosti, akasema, "Baba Lornah, leso." Ilikuwa imepanda juu ya magoti mbele ya wanaume. Nilimfunika kwa koti langu la kaki.

Rahab akaleta meza ya hoteli tukambeba juu yake. Mvua ilikuwa inampiga usoni na gari la kumpeleka hospitali lilikuwa halijapatikana. Waliobeba mbele wakaelekea kwenye banda, palipo karibu, pakavu. Walipofika kwenye vyuma wakasimama. Wanaume wazima, manamba wasiomwogopa Mungu, wamesimama na mgonjwa mikononi, wananitazama mimi. Nikapaza sauti, mnangoja nini. Mmoja akaangalia chini, wakageuka, wakampeleka kwa Gichuki, mbali zaidi.

Hata wakati huo. Hata kwa mtu anayekufa hawakuingia. Nimekaa hapa najaribu kuwakasirikia na siwezi, kwa sababu mimi ndiye niliyemweka kwenye nguzo ile.

Jumamosi, 4 Mei

Siandiki.

Jumatatu, 6 Mei

Mguu wamekata chini ya goti. Gichuki ndiye aliyekwenda kumwona. Mimi nilifika hadi kwenye lango la hospitali nikarudi.

Jumatano, 8 Mei

Nimekwenda. Nilibeba maziwa na mkate na mwavuli wa Injinia, maana kulikuwa na mawingu. Awuor alikuwa amelala karibu na dirisha, amepungua, shuka imelala tambarare mahali ambapo mguu ungeinyanyua. Nikamwambia nimekuja kumwomba radhi, nikaanza kuisema ile hotuba niliyoitunga njiani.

"Kaa kwanza," akasema.

Nikamwambia ni sawa, nitasimama.

"Wewe hukai, Baba Lornah. Hata hapa umesimama."

Nikakaa ukingoni mwa kitanda. Hotuba ilinipotea. Nikamuuliza lile lililokuwa linanisumbua, kwa nini alimwamsha yule kijana wa Muhoroni. Akanishangaa, kweli, macho yakamtoka.

"Kwani hiyo banda uliijenga ya nani? Si ni ya Mama Lornah? Umeweka pale pale alilalia, ukaandika ni mahali pa kupumzika. Sasa mtu atakaa aje hapo na makalio yake, anakula njugu, anatema maganda?"

Nilimwambia ilikuwa ya abiria. Nilimwambia habari ya miguu ya Milka, na benchi ambalo halikuwepo, na kwamba neno lile niliwatafutia watu wengine, wasije wakasimama kama yeye. Maneno yote ambayo sikumwambia Injinia nilimwambia yeye. Alishika ukingo wa shuka.

"Ungesema."

"Niliandika."

"Uliandika. Hukusema."

Kisha akanieleza, taratibu, kama anavyoelezwa mtoto. Kwamba siku ya ufunguzi wauzaji na manamba walisoma maandishi ya Oduor wakakubaliana wote kwamba mzee amemwekea mkewe kumbukumbu, na ni vizuri, kwa sababu mzee haongei. Kwamba walipatana kupaacha pawe safi, na abiria wasiojua wakawa wanaambiwa. Kwamba majeneza ni yeye aliyeyaruhusu. Watu wa msiba walimuuliza kama wanaweza kuweka pale, akawaambia wamuweke, Mama Lornah hajawahi kumkataza mgeni. Na kwamba Ijumaa ile, yeye akiwa juu ya meza, wanaume walisimama kwenye vyuma kwa sababu moja tu: mimi mwenyewe nilikuwa sijawahi kupanda.

"Kwetu mwenye msiba asipokaa, mgeni atakaa aje? Tulikungoja. Kila asubuhi tunaona unazunguka na choo. Tukasema, bado. Akiwa tayari atakaa, na sisi tutakaa."

Nilimuuliza kwa nini basi hakuniambia, siku ile nilipomfukuza. Akasema siku ile nilikuwa napiga filimbi.

Nilitaka kulia nikashindwa, nikammiminia maziwa kwenye kikombe, yakamwagika. Miezi yote hii nimewaita wajinga katika kitabu hiki na kichwani mwangu, nao walikuwa wamesimama mvuani kwa ajili ya heshima yangu. Na heshima hiyo Awuor ameilipia kwa mguu wake. Sijui mtu anarudisha vipi mguu. Nilipoinuka akanifuata kwa macho, akasema njugu zake bado ziko kwa Rahab, gunia zima, nisiziache zikaota.

Alhamisi, 9 Mei

Nimemwambia Injinia afute neno akitaka. Oduor atakuja Jumatatu. Mwavuli nimemrudishia.

Ijumaa, 10 Mei

Asubuhi sikupitia upande wa choo.

Nilikwenda moja kwa moja. Nilipofika kwenye vyuma nikashika chuma, nikapanda. Nilifagia kwanza, kwa mkono tu, majani na vumbi la siku hizo zote. Kisha nikakaa. Simiti ilikuwa baridi. Ukikaa hapo unaona kile alichokiona: ukuta wa soko, kipande cha ziwa katikati ya majengo, na mgongo wa basi. Nimeogopa mahali hapa tangu Agosti, na ni padogo hivi. Nililia basi, bila kujifanya ni vumbi, na koti langu likiwa bado lina doa la Ijumaa iliyopita.

Mvua ikaja mchana. Watu walijazana nje ya vyuma, mifuko ya plastiki vichwani, wananitazama. Hakuna aliyepanda. Basi la Bungoma likaingia, likajaa, likatoka. La Siaya vilevile. Nikajisemea nimechelewa, wamezoea kusimama, kamati itakuja na nyundo zake, na Awuor amepoteza mguu bure. Sijawahi kuhisi upweke kama huo, hata kaburini kwa Milka.

Saa nane basi la Nairobi likaingia na jeneza. Walilishusha, wakaja nalo, wakanikuta nimekaa, wakasimama. Mbele alikuwa mama mmoja mzee, ameshika picha ya msichana. Nikawaonyesha benchi la pili. Wakaliweka. Mama yule akaketi sakafuni, akaegemeza kichwa kwenye mbao, na mimi nikabaki nao, kwa sababu mtu hainuki msiba ukifika. Tulikaa hivyo. Mvua ilikuwa inapiga mabati hadi huwezi kusikia honi.

Ndipo mwanamke mmoja akachomoka kwenye lile kundi la nje. Muuza samaki, ana karai kichwani, maji yanamchuruzika hadi kwenye visigino. Akapanda jukwaani. Akaangalia jeneza, akainamisha kichwa kidogo. Akaangalia maandishi. Kisha akaja kwangu, akatua karai, na benchi zima lilikuwa tupu kushoto kwangu na kulia kwangu, lakini akasimama mbele yangu akingoja.

"Baba," akasema, "songa kidogo."

Nikasonga, akakaa.